Meza ya Karani: Nani Atamfunda Mke wa Askari?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu tunaoishi nao hapa Morogoro, tunaoonana nao kisimani na sokoni, walakini hali yao hatuijui. Sisemi juu ya askari wenyewe. Askari twawajua: twawaona wakipita katika magari yao, na wengi wetu tuna ndugu au jirani aliye jeshini. Nasema juu ya wale ambao askari huwaacha nyumbani siku anapoitwa: mke wake, watoto wake na mama yake mzazi.

Kisa chenyewe chaanzia mezani kwangu, na ndani yake mna kosa langu mwenyewe. Sitalificha.

Siku moja wakati wa masika aliingia ofisini mwanamke kijana kutoka upande wa Kinole. Alikuwa ameondoka kwao kabla ya mapambazuko, mtoto mgongoni, kanga yake imejaa tope hata magotini. Mumewe ni askari, na wakati ule alikuwa nje ya nchi katika kazi ya kulinda amani. Yule mwanamke alikuwa amepeleka karatasi zake mahali fulani ili mtoto aandikwe kuwa mtoto wa baba yake, apate haki zake. Akarudishwa. Akaambiwa kwamba mume aliye katika cheti cha ndoa siye yule aliye katika karatasi za kazi. Majina hayafanani.

Nikafungua kitabu cha ndoa. Mwandiko ulikuwa wangu. Siku ile ya kuandikisha ndoa nilimwuliza bwana arusi jina lake, naye akanitajia jina la ubatizo na lile la ukoo analoitwa nyumbani, nami nikaandika kama nilivyosikia. Sikumwomba cheti chake cha shule. Jeshini alikuwa ameandikwa kwa jina la cheti cha shule, pamoja na jina la baba yake. Basi mtu mmoja akawa watu wawili, na mkewe akawa mke wa mtu asiyejulikana.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia, mara mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi mlangoni, akingojea cheti cha ubatizo cha mjukuu wake, akainuka na kusogea.

"Shikamoo, mama," yule kijana akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mumeo ameondoka lini?"

"Huu ni mwezi wa saba, mama."

"Na kabla hajaondoka mliketi pamoja mkafungua sanduku la karatasi?"

Akatikisa kichwa.

"Mshahara wake waujua?"

Akatikisa kichwa tena.

"Basi nani alikufunda?"

"Nilifundwa na bibi na shangazi, mama. Walinifunda mambo ya nyumba."

"Hao walikufunda kuwa mke. Kuwa mke wa askari hakuna aliyekufunda." Kisha akanigeukia mimi. "Karani, nipe karatasi na kalamu."

Wasomaji, neno lile halijanitoka moyoni. Sisi watu wa Uluguru twajua vema maana ya kufunda. Mwali hatolewi nje mpaka awe amekaa na wakubwa wake, wakamweleza yaliyo mbele yake. Pwani nako mwari ana somo wake. Afundaye ni yule aliyekwisha kupita njia ile zamani, na kazi hiyo haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini maisha ya uaskari, yenye safari za ghafula, karatasi nyingi na habari za kutisha, twamwacha binti ayaingie peke yake, kisha twashangaa akianguka.

Mama yule mzee alipata bahati ya kufundwa. Aliolewa mwaka 1978, akaenda kuishi kambini na mumewe. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule majeshi ya Idi Amin yakaivamia nchi yetu upande wa Kagera, na mumewe akaondoka. Jirani yake alikuwa mke wa sajini, mwanamke aliyekaa kambini miaka mingi. Huyo akawaita mabibi vijana wa nyumba zile, akawaketisha chini ya mwembe, akawafundisha jioni baada ya jioni. Hakutumwa na mtu, wala hakulipwa hata senti moja. Mama asema kwamba bila mwembe ule asingaliweza kuistahimili miezi ile.

Tukitazama nyuma, tutaona kwamba shida hii ni ya siku nyingi katika nchi yetu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walisafiri pamoja na wake zao na watoto wao. Waingereza walipouteka mji wa Morogoro, tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani walirudi nyuma wakapitia milima yetu kuelekea Kisaki, na jamaa za askari wakawa katika msafara huo huo wa njaa na homa. Na yule mpagazi aliyechukuliwa kijijini kubeba mizigo ya vita, mkewe alibaki bila kujua kama yu hai au amekufa. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wa wapagazi hao wa upande wa Waingereza.

Vita vya pili vilipokuja, vijana wa Tanganyika kwa maelfu walitumikia katika King's African Rifles, wakafika Habeshi, Madagaska na Burma. Barua ilipoletwa, mke asiyejua kusoma aliipeleka kwa mwalimu au kwa karani kama mimi. Siri ya nyumba ikapita katika kinywa cha mtu mwingine, na majibu yakaandikwa kwa mkono usio wake.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Katika vita vya Kagera, pamoja na askari wa kawaida waliitwa pia mgambo kutoka vijijini na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Hapa nawaomba mfikiri kidogo. Mke aliyekaa kambini alikuwa na mwembe na mke wa sajini. Mke wa mgambo aliyebaki juu mlimani, jirani zake wote waume zao wapo, alikuwa na nani? Ndivyo ilivyo hata leo kwa wengi ambao waume zao ni askari lakini wao wenyewe wanaishi kijijini pamoja na mashamba yao. Wako mbali na wenzao wenye hali moja nao.

Wala msidhani kwamba kwa kuwa nchi yetu ina amani, hatari imekwisha. Tarehe 13 Julai 2013, walinda amani wetu 7 waliuawa katika jimbo la Darfur, nchini Sudan. Mwaka huo huo wa 2013 Tanzania ilijiunga na Afrika ya Kusini na Malawi katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na walinda amani wetu wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Kila mmoja wao alikuwa na mlango wa nyumba ambao siku moja ulibishwa hodi.

Wenzetu wa nchi nyingine nao walijifunza kwa machungu. Mwaka 1885, jeshi la Uingereza lilipokuwa likisafiri kwenda Misri, afisa mmoja aliyeitwa James Gildea aliandika barua katika gazeti la The Times, akiomba watu wajitolee kuwaangalia wake na watoto wa askari waliobaki. Kwa barua ile moja kikazaliwa chama ambacho leo chaitwa SSAFA, na hata leo chategemea sana watu wa kujitolea. Marekani nao, baada ya vita vya Ghuba vya 1990 na 1991, waliona kwamba jamaa nyingi za askari hazikuwa tayari: mke hakujua kuisoma karatasi ya mshahara wa mumewe, wala hakujua amwendee nani. Mwaka 1994 jeshi lao likaanzisha mafunzo yaitwayo Army Family Team Building. Waalimu wake wengi walikuwa watu wa kujitolea, na wengi wao walikuwa wake za askari. Masomo ya kwanza yalikuwa mepesi: vyeo vya jeshini ni vipi, maneno ya kijeshi maana yake nini, haki za jamaa ni zipi.

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya Wazungu, wana fedha." Ndugu, msiwasahau wazee wetu. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya" katika redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi hivyo, wapatao 75,000, hawakuwa madaktari. Walikuwa wanakijiji waliofundishwa kwa muda mfupi, wakapewa kitabu, wakawaongoza wenzao. Chuoni kwa waalimu tulifundishwa kwamba mtu mzima hujifunza upesi lile analolihitaji kesho asubuhi. Mke wa askari analihitaji leo.

Sasa niwaeleze yaliyomo katika karatasi ya yule mama. Alisema, nami nikayapanga.

Kwanza ni karatasi. Kabla askari hajasafiri, yeye na mkewe wafungue sanduku na kuweka pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho na hati za shamba au kiwanja. Majina yalinganishwe, herufi kwa herufi. Yaliyotofautiana yatengenezwe mapema kwa hati ya kiapo, mume akiwapo. Tena askari akumbuke siku alipoandikishwa. Labda alikuwa kijana asiye na mke, akajaza jina la mama yake au kaka yake kuwa mtu wake wa karibu. Sasa ana mke na watoto watatu, na jina lililo katika faili ni lile lile la zamani. Kubadili ni kazi ya siku chache akiwa hai. Akiisha kufa, ni kazi ya miaka mahakamani.

Pili ni fedha. Mke ajue mshahara unaingia wapi, deni ni kiasi gani, na nani anamdai mumewe. Wakubaliane kiasi kitakachotumwa kila mwezi, na nani atatumiwa. Nimeona nyumba ambayo fedha zilitumwa kwa ndugu mmoja ili azigawe, naye akazigawa kwa namna aliyoona yeye.

Tatu ni nyumba, na hapa sisi Waluguru tusikilize kwa makini. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba la ukoo hufuata upande wa mama. Askari akituma fedha za kujenga, swali la kwanza liwe: nyumba yasimama juu ya ardhi ya ukoo wa nani? Akijenga kwenye ardhi ya ukoo wake mwenyewe, siku akifa wapwa wake watakuja, na mjane na watoto watakuwa wageni katika nyumba yao. Akijenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, dada zake watanung'unika kwamba jasho la kaka yao limekwenda kwa watu wengine. Basi wajomba wa pande zote mbili waitwe, wazungumze akiwapo mwenyewe, na yaandikwe. Wosia pia uandikwe. Wakala wa serikali aitwaye RITA, aliyeanza kazi mwaka 2006, hupokea wosia na kuutunza. Kuandika wosia si kumwita mauti. Mkulima aliyechimba mfereji hakuiita mvua.

Nne ni habari. Zamani barua ilichelewa. Siku hizi simu yakimbia kuliko ukweli. Picha ya maiti aliyefia pengine, miaka mingi iliyopita, yaweza kufika Matombo asubuhi na kuambiwa ni askari wetu wa jana. Mama alisema: usiamini, usitume kwa wengine, usimpigie jirani kumpa pole kabla jeshi lenyewe halijaiarifu jamaa. Kadhalika mke asitangaze mumewe yuko wapi na atasafiri siku gani. Kulinda siri hiyo ni kumlinda mume.

Tano ni watoto. Waambiwe ukweli unaowafaa kwa umri wao. Mtoto aliyeambiwa kwamba baba atarudi kesho, tena kesho, huacha kuwaamini wakubwa. Mwalimu wake wa darasa naye aambiwe kwamba baba wa mtoto huyu yuko safarini, ili akimwona anasinzia au anapigana asikimbilie fimbo.

Sita ni kurudi. Wengi hudhani taabu huisha siku askari anapoingia mlangoni. Mama yule akacheka kidogo, kisha akasema mumewe aliporudi kutoka Uganda alikuta mke anayejua kuuza, kununua na kuamua, na mtoto anayemlilia akitaka kumbeba. Aliamka usiku akipiga kelele. Jirani walinong'ona kwamba amerogwa. Mke wa sajini akawaambia, "Huyu hakurogwa, ametoka vitani. Mpeni muda, na asipopata nafuu mpelekeni hospitali." Siku hizi twajua zaidi kwamba moyo nao hupata jeraha, na jeraha hilo lina waganga wake hospitalini. Kumficha mtu nyumbani au kumwachia pombe si kumtibu.

Hayo ndiyo masomo sita. Hakuna hata moja linalohitaji jengo wala fedha nyingi. Lahitaji mtu aliyekwisha kuyapitia, na saa moja ya jioni.

Najua wako watakaosema, "Kazi hii ni ya jeshi na serikali, kwa nini tuwabebee?" Kweli, wana wajibu wao, na kujitolea kwetu kusiwe sababu ya mtu yeyote kuuacha wajibu huo. Haki ya mjane italipwa na anayepaswa kuilipa, si kwa mchango wa jirani. Lakini afisa hawezi kukaa katika kila nyumba kuanzia Mgeta hadi Mkuyuni, wala tangazo la ofisi halimwulizi mtu, "Mwanangu, umelala?" Jambo hilo ni la jirani.

Tena mwenye kujitolea ajue mipaka yake. Asijifanye hakimu wala mwanasheria. Akiona shauri ni zito, amsindikize mwenzake hadi kwa anayehusika. Asiulize siri za jeshi. Asiyatoe nje aliyoyasikia. Mtu akijua kwamba machozi yake yatasimuliwa kisimani, hatarudi tena.

Mtataka kujua yule kijana wa Kinole aliishia wapi. Nilimwomba radhi mbele ya yule mama, maana kosa nililifanya mbele ya watu siku ya arusi yake. Ilitakiwa hati ya kiapo, ikatakiwa barua kutoka kwetu, na mume akaandika naye kutoka huko alikokuwa. Ilichukua miezi minne na safari sita za kuteremka mlima. Mtoto aliandikwa. Mume naye amerudi salama, na wa kwanza kumtembelea nyumbani alikuwa yule mama, kwa kuwa alijua siku za kwanza zilivyo.

Mimi nami nina sharti jipya. Anayekuja kuandikisha ndoa, awe askari au mkulima, namwomba cheti cha shule na kitambulisho kabla sijachovya kalamu. Wengine hukasirika, wakisema karani ana maneno mengi. Na wakasirike.

Sasa kila Jumapili ya pili ya mwezi, chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi yetu, hukaa wanawake kumi, pengine kumi na wawili. Wengine ni wake za askari, mmoja ni mjane, wawili ni akina mama ambao vijana wao wamekwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mama mzee hukaa katikati. Hawaulizani dini, na wawili kati yao ni Waislamu. Juma lililopita nilimwona yule kijana wa Kinole akimwelekeza mwenzake mgeni jinsi ya kulinganisha majina katika karatasi mbili, kidole kikipita juu ya herufi moja moja. Mama alikuwa amenyamaza, akimsikiliza mwanafunzi wake akifundisha.

Basi, msomaji wangu, ikiwa uliwahi kuishi kambini, au ulimngoja mume au mwana aliyekwenda vitani akarudi au asirudi, ujuzi huo usife nao. Katika kijiji chako yumo binti aliyeolewa juzi na askari. Nenda ukamwamkie, umwulize kama amekwisha kufungua sanduku la karatasi. Na wewe kijana unayengojea kuitwa, fungua sanduku hilo leo jioni, mkeo akishika taa.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Karani wenu